Ni ukabila au ni viongozi?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mimi na shemeji yangu tumebishana wiki nzima, yeye anasema nchi ikianza kupigana yenyewe kwa yenyewe basi ni ukabila tu hamna kingine, mimi nasema wakubwa ndo wanaotufikisha huko. Tuamue.

JIBU: Shemeji usimcheke sana, ana kapointi. Ila makabila yapo hata kwenye nchi zilizotulia, watu wanaoana na kutaniana kila siku, sasa kwanini huku kuwake na kule kusiwake?

Chukua Sudan Kusini. Uhuru Julai 2011, halafu Julai 2013 Rais Salva Kiir anamtimua makamu wake Riek Machar pamoja na baraza zima la mawaziri. Rais kufukuza mawaziri si ajabu, shida ni kwamba Kiir na Machar walikuwa wanagombea uongozi wa chama tawala, SPLM, na jeshi lenyewe lilikuwa la kuunga unga, vikundi vya msituni vimepewa jina moja lakini askari anamsikiliza kamanda wake kuliko serikali. 15 Desemba walinzi wa rais wakageuziana bunduki wenyewe kwa wenyewe pale Juba, ndo Wanuer, kabila la Machar, wakaanza kusakwa nyumba kwa nyumba, na visasi dhidi ya Wadinka, kabila la Kiir, vikafuata huko mji wa Bor. Umeona kabila limeingia saa ngapi?

Sudan ya Khartoum ndo inaniuma zaidi. Rais wa wakati huo, Omar al-Bashir, mwaka 2013 aliwachukua wanamgambo wa Janjaweed wa Darfur akawageuza kikosi rasmi, RSF, chini ya kamanda wao Hemedti, kikawa kama ngao yake hata jeshi likimgeuka. Wee! 2019 hao hao wakashirikiana na jeshi kumng'oa. Nchi ikabaki na majeshi mawili na wakubwa wawili, na ugomvi wao mkubwa ukawa RSF iunganishwe na jeshi kwa muda gani, upande wa Burhan, mkuu wa jeshi, unasema miaka 2, Hemedti anataka 10. Yani kalenda! Jumamosi ya 15 Aprili 2023, watu wako kwenye mfungo wa Ramadhani, risasi zikaanza kurindima na ndege zikaungua pale pale uwanjani Khartoum.

Kwahiyo ushindi nakupa wewe, ila wa bao moja tu. Manake shemeji akikuuliza kwanini vijana wanakubali kubeba hizo bunduki, hapo hata mimi najikuna kichwa.