Masuali ya wasomaji: Peru, bosi ni rais au ni bunge?

SUALI: Assalaam alaykum mhariri. Barzani kwetu huku tumegombana mpaka kahawa imepoa, kisa Peru. Mmoja wetu anashikilia kule rais ndo bosi kama Marekani, mwengine anasema hapana, wana waziri mkuu na kura ya imani kwahiyo ni kama Uingereza tu. Nani kasema kweli? Na mbona marais wao hawadumu? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Nyote wawili mmepata nusu nusu, na hiyo nusu nusu ndo balaa lenyewe.

Rais wa Peru anachaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka 5, na akimaliza haruhusiwi kuunganisha, lazma akae pembeni kwanza. Ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, amiri jeshi mkuu, mpaka hapo ni Marekani tupu. Lakini anateua na mtu anaitwa Rais wa Baraza la Mawaziri, ndo huyo magazeti yanamwita waziri mkuu, na kwa Katiba ya 1993 ilivotumika miaka yote hii ya vurugu alitakiwa ndani ya siku 30 aende bungeni na mawaziri wenzake kuomba imani, akinyimwa baraza zima linarudi nyumbani. Ila msimdhanie ni mkubwa sana, hana ubavu wake mwenyewe, rais akitaka anamtoa. Pedro Castillo alikaa madarakani kuanzia Julai 2021 mpaka Disemba 2022 na kapitisha mawaziri wakuu 5, mmoja wao alidumu siku chache tu.

Sasa njoo kwenye visu, maana katiba imempa kila upande wake. Kisu cha rais: bunge likiyanyima imani mabaraza mawili ya mawaziri, anaweza kulivunja na kuitisha uchaguzi mpya ndani ya miezi 4. Kisu cha bunge: kutangaza kwamba kiti cha rais kiko wazi kwa sababu mwenye kiti "hana uwezo wa kimaadili wa kudumu". Maneno hayo yamo kwenye katiba zao tokea karne ya 19 na hakuna alowahi kuyawekea mpaka, maadili gani, upungufu kiasi gani, haikuandikwa. Uongo, rushwa, saa za bei mbaya, kila kitu kinaingia humo bunge likitaka. Wala hakuna kesi ndefu na majaji kama wanavofanya Marekani, ni hoja, rais au wakili wake anajieleza, kura, basi.

Bunge lilokuwepo miaka hiyo lilikuwa na chumba kimoja cha watu 130 na kura za kumuondoa rais ni 87, yaani thuluthi mbili. Geuza hesabu hiyo: rais akiwa na wabunge 44 wasiomkimbia, analala usiku kucha bila wasiwasi, maana 87 haifiki. Mimi naona ukitaka kuielewa siasa ya Peru acha kusoma hotuba, tafuta tu kama rais anazo 44. Pedro Pablo Kuczynski aliingia 2016 na chama chenye viti 18 huku wapinzani wake, chama cha Keiko Fujimori, wana 73, Machi 2018 kajiuzulu kabla kura haijapigwa. Martín Vizcarra alompokea hakuwa hata na chama chake bungeni, Novemba 2020 zikapigwa kura 105 akaondoka. Castillo chama chake kilipata viti 37. Dina Boluarte, makamu wa Castillo alompokea, hakuwa na chama kabisa, aliwekwa na urafiki wa vyama vya wengine, na vyama hivo hivo vilipoona uchaguzi unakaribia na wananchi wamechoka na ujambazi na wanyang'anyi wa kutoza watu pesa kwa vitisho, Oktoba 2025 vikamtupa usiku kwa kura 122. Jumla tokea Julai 2016 mpaka Oktoba 2025 walikalia kiti watu 7, muda ambao kwa kawaida ungetosha wawili.

Kwanini wanaingia bila 44? Kwa sababu urais una duru ya pili na ubunge hauna. 2021 walishindana wagombea 18, Castillo mwalimu wa skuli ya msingi kutoka Cajamarca kaongoza duru ya kwanza na asilimia 19 hivi, wabunge wakagawika kwa kura za siku ile ile, vyama 10 vikaingia. Duru ya pili akapata asilimia 50 na nukta kidogo, kamshinda Keiko kwa kura kama 44,000, lakini bungeni viti vyake vilikuwa vishafungwa zamani. Mtu anaapishwa na nusu ya nchi huku bungeni ana robo na kidogo.

Na kisu cha rais kinakata kweli, msidhani. 30 Septemba 2019 bunge lilikuwa linachagua jaji wa Mahakama ya Katiba kwa haraka haraka, waziri mkuu kaja kuomba imani ili utaratibu ule ubadilishwe, wabunge wakaendelea kupiga kura ya jaji kama vile hayupo, Vizcarra akasema basi huko ndo kuninyima imani kwa vitendo, na kwa vile baraza moja lilishanyimwa 2017 enzi za Kuczynski, hii ni ya pili, nalivunja bunge. Wabunge nao jioni ile wakamuapisha makamu wake Mercedes Aráoz kuwa rais wa muda, nchi ikalala na marais wawili, kesho yake bibi kajiuzulu. Mahakama ya Katiba baadae ikasema Vizcarra alikuwa sawa.

Castillo akataka mkato. 7 Disemba 2022 bunge lilikuwa limepanga kupiga kura ya kumuondoa mara ya tatu, na wengi waliamini 87 hazitafika. Yeye mchana akatokea kwenye televisheni, karatasi mkononi na mikono inatetemeka watu wanaona, akasoma kwamba anavunja bunge na atatawala kwa amri. Hakukuwa na kura yoyote ya imani iliyokataliwa mara mbili, kwahiyo kisu kile hakikuwa chake siku hiyo. Mawaziri wakaanza kujiuzulu mmoja mmoja, jeshi na polisi wakatoa tamko la pamoja kwamba hawamo, bunge likakaa palepale likapata kura 101, na gari yake ikiwa njiani kuelekea ubalozi wa Mexico ndani ya foleni za Lima walinzi wake wenyewe wakapewa amri wamkamate. Yote hayo ndani ya masaa. Lakini kusini, Ayacucho na Juliaca, watu waliompigia kura waliingia barabarani na karibu watu 50 walikufa miezi ilofuata, hiyo sehemu watu wanaofurahia kichekesho cha marais wa Peru huwa wanaisahau.

SUALI: Mhariri, na sisi Zanzibar tuna Makamu wawili. Nasikia Peru pia. Je ni sawa? Rais akiondoka nani anaingia? (Msomaji, Kiembesamaki)

JIBU: Idadi sawa, kazi mbali kabisa. Kwetu tokea marekebisho ya 2010 Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichofuata kwa kura na wa Pili ndo msimamizi wa shughuli za serikali kule Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Peru makamu wote wawili ni wagombea wenza wa rais, majina matatu kwenye tiketi moja, na wakishaapishwa hawana ofisi ya maana mpaka rais aondoke au asafiri. Akiondoka anaingia wa kwanza, asipokuwepo wa pili, asipokuwepo Spika, na Spika lazma aitishe uchaguzi.

Ndo maana makamu wakiisha mambo yanaharibika. Vizcarra alikuwa makamu wa kwanza akapanda, Aráoz wa pili kajiuzulu, kwahiyo Novemba 2020 alipoondolewa yeye kiti kikaangukia kwa Spika Manuel Merino, vijana wakajaa mitaani, wawili wakauawa, Merino akatoka baada ya siku 5. Bunge likachagua Spika mwengine, Francisco Sagasti, na kwa kuchaguliwa uspika tu akawa rais wa nchi. Castillo naye aliingia na makamu mmoja, maana mgombea mwenza wa pili alienguliwa kabla ya uchaguzi kwa sababu ya hukumu ya mahakama. Huyo mmoja ni Boluarte, na alipotupwa hapakuwa na wa chini yake, akaapishwa Spika José Jerí.

SUALI: Ni kweli wanarudisha vyumba viwili vya bunge? (Mwanafunzi, SUZA)

JIBU: Kweli. 2018 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni wakakataa kwa karibu asilimia 90, na Machi 2024 wabunge wakapitisha wenyewe bila kuwauliza tena, Seneti ya watu 60 na wabunge 130, kuanzia uchaguzi wa 2026. Kwenye mageuzi hayo rais anaweza kuvunja chumba cha wabunge tu, Seneti haivunjiki. Mnaona wenyewe kisu cha nani kimefanywa butu.

SUALI: Nchi ya vurugu hivo mbona pesa yao haijaanguka? (Mfanyabiashara, Darajani)

JIBU: Shaba inasaidia, lakini jibu la kiserikali ni Benki Kuu. Katiba inaikataza kuikopesha hazina, na bodi ya watu 7 inateuliwa wanne na serikali, watatu na bunge, hakuna upande unaoimeza peke yake. Julio Velarde amekaa ugavana tokea 2006, marais wanapita yeye yupo.

SUALI: Kupiga kura ni lazma kule? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Lazma, miaka 18 mpaka 70, usipokwenda faini, na faini ya wilaya masikini ni ndogo kuliko ya wilaya tajiri. Wasimamizi wa vituo nao sio waajiriwa, wanapigiwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wapigakura, na ikifika asubuhi hawajatimia wanachukuliwa watu waliopo kwenye foleni, kwahiyo wapo wanaochelewa makusudi.