Spyder RT: ya 2011 au ya 2014?

Kaka, umeuliza shemeji yako kule Italia achukue Spyder RT, ile pikipiki ya safari ya magurudumu matatu ya Can-Am, ya 2011 au ya 2014. Mfuko ukiruhusu, ya 2014. Mwaka huo ndio RT ilipowekewa injini mpya.

Injini ya zamani ni Rotax ya silinda mbili za V, cc 998, nguvu za farasi kama 100. Si mbovu, ila inataka kukamuliwa. Ukiiweka giya kubwa na mzunguko wa injini uko chini, inatetemeka na kulalamika mpaka ushushe giya. Halafu joto! Kwenye foleni inaweza kukuchoma miguu. Saa saba mchana hapa Malindi ungeshuka ukasukume.

Ile mpya ya 2014, ya cc 1330, ina silinda tatu kwa mstari, farasi 115, giya sita badala ya tano. Raha yake ni kuvuta tangu chini, hata ukibeba mke na masanduku. (Magurudumu mawili yako mbele, usitarajie ikate kona kama tuktuk zetu.)

Akiangukia ya 2011 kwa sababu ya bei, sawa, lakini oili aipime injini ikiwa moto. Ikiwa baridi, stiki ya kupimia oili inadanganya: ataona imepungua, ataongeza, itajaa kupita kiasi na kumwagikia kwenye boksi la filta ya hewa. Wengi huharibu hapo.