Nyuma inadunda gari likiondoka

SWALI: Gari langu la michezo linavutwa na magurudumu ya nyuma. Nikiliondoa kwa nguvu, nyuma inadundadunda hadi bodi inatetemeka. Nianzie wapi? Msomaji, Kampemba, Lubumbashi.

JIBU: Ndugu, mdundo ukianza, toa mguu kwenye mafuta papo hapo, ukizidi kukanyaga utavunja shafti au difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Tairi linashika, linateleza, linashika tena, na kila likishika, mpira wa bushi (kiungo kinachoshika mikono ya magurudumu) unajikunja kisha unajirudisha. Anza basi na bushi za mikono ya nyuma na za fremu inayobeba difu: zisukume kwa mtaimbo, iliyopasuka au inayocheza ibadilishwe. Za poliyurethani (plastiki ngumu kuliko mpira) hazijipindi sana, ila kelele huongezeka ndani. Ukifunga za mpira, bolti zikazwe mwisho gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Ukikaza likiwa limeinuliwa na jeki, mpira unabaki umesokotwa na kuchanika mapema, kosa la kila siku gereji. Shokomzoba zinazovuja zibadilishwe mbili mbili. Upepo wa tairi za nyuma upunguze kwa bar 0,1 tu kila jaribio, tairi zikiwa baridi. Ukiupunguza kupita kiasi, ukuta wa tairi unalegea na mdundo unakua. Majaribio hayo yafanyie kiwanja kilichofungwa, kamwe si barabarani.