Sifia kazi, nakala iende kwenye jalada

Swali la wiki liliuliza: "Mwenzako kazini akifanya jambo zuri, unamshukuruje bila kuonekana unajipendekeza?"

Anayeonekana kujipendekeza mara nyingi anamsifia mtu badala ya kazi yake, tena anasifia wa juu yake tu. "Bosi, wewe ni jembe!" haisemi bosi kafanya nini. Hebu soma huu ujumbe kwa mhudumu wa masjala, ofisi inayotunza majalada: "Dada, habari za asubuhi. Lile jalada la manunuzi la 2021 ulilotutafutia jana lilifika mezani kabla ya saa nne, wakaguzi walipoliomba hatukuhangaika. Asante sana." Kazi imetajwa, siku imetajwa, na faida yake inaonekana. Utume siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukikaa nao wiki mbili, mwenzako ataanza kujiuliza unataka kumkopa nini.

Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kuna hatari nyingine, ya kusahau majina. Kazi ikifanywa na wanne ukataja watatu, wa nne hatakuambia kitu, ila safari ijayo usimtegemee. Kabla ya kutuma, pitia nani alishika nini, kuanzia dereva na mlinzi aliyefungua geti alfajiri. Hao ndio husahaulika, na kwa kuwa hawana cheo cha kukupa, shukrani yako kwao haitiliwi shaka.

Kwa jambo kubwa, ujumbe wa simu hautoshi. Andika barua ya pongezi. Inahitaji kumbukumbu namba, tarehe, jina kamili na cheo, kichwa cha "Yah: Pongezi", kisha mistari mitano au sita inayotaja kazi na matokeo yake, na saini ya mkuu wa idara. Kosa la kawaida liko chini ya saini: watu husahau kuandika "Nakala: Jalada binafsi" na kuhakikisha nakala imefika huko kweli. Bila nakala hiyo, mkuu wa idara akihamishwa pongezi inahama naye, na siku ya kujadili kupandishwa cheo jalada linakuwa na barua za onyo peke yake.

Zawadi nayo ina utaratibu wake. Kwa anayehama au kustaafu, sisi wa Tabora hatuhangaiki sana, asali ipo. Lakini kuna wanaoaibika nayo. Ukipanga bei, uliza kama unauziwa kwa lita au kwa kilo, maana lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na wawili wanaotajiwa bei moja wanaweza kurudi na mizigo tofauti. Asali ya nyuki wadogo ni ghali zaidi, nyepesi na ina uchachu kidogo, kwa hiyo mwambie mpokeaji mapema asidhani imeharibika. Chupa iliyovimba au yenye povu iache. Asali hiyo ina maji mengi na imeanza kuchacha. Iliyoganda haina kosa: iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Kama anasafiri kwa treni kwenda Kigoma au Dar es Salaam, funga mfuniko kwa plastiki kisha weka chupa ndani ya ndoo ndogo, la sivyo atafika na begi la nguo zenye asali.

Fedha za zawadi zisikusanywe kwa kushtukizana. Kiwango kidogo kinachojulikana, tuseme Sh2,000 kila mwisho wa mwezi, kikae kwa watu wawili na daftari moja ambalo yeyote anaweza kulisoma. Wasikate kwenye mshahara wa mtu bila idhini yake ya maandishi. Na zawadi ya mlinzi ifanane na ya mhasibu, vinginevyo daftari hilo litazaa maneno.

Tuzo ya mfanyakazi hodari ya Mei Mosi nayo tumeigeuza zamu: mwaka huu wewe, mwakani yeye. Ikishakuwa zamu, hakuna anayejituma kwa ajili yake. Bandikeni vigezo ubaoni mapema, Januari au Februari, pigeni kura ya siri kwa idara, hesabuni mbele ya watu. Fedha itakayotangazwa uwanjani iwe tayari siku hiyo. Hundi ya mfano inapendeza kwenye picha, lakini mshindi anayefuatilia malipo hadi Agosti anajuta hata kuchaguliwa.

Jambo la mwisho ni kwa wakubwa wanaogawa soda na chapati kwa waliobaki kufunga hesabu usiku. Soda ni karimu, lakini haifuti malipo ya saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kwa wiki ya saa 45, gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195, yaani saa za kazi za mwezi mmoja. Anayelipwa Sh390,000 ana Sh2,000 kwa saa, hivyo saa tatu za ziada ni Sh9,000. Mlipe hizo, kisha mpe soda yake.

Msomaji, Tabora mjini