Mbwa Kituoni, Paka Nyumbani: Maswali ya Msimu wa Safari

Desemba inabisha hodi, watu wanakata tiketi za kwenda kwao, na maswali ni yale yale ya kila mwaka. Nimechagua machache.

Shikamoo daktari. Tunaondoka Ijumaa kwenda Moshi kwa wiki mbili. Kituo cha kutunzia mbwa kinadai cheti cha chanjo na wetu hajawahi kuchanjwa. Akichomwa Alhamisi itafaa? (Mbezi Beach)

Marahaba. Haitafaa. Na kituo kikikubali kumpokea, ndiyo sababu ya kutompeleka: kimeshapokea wengine kama yeye.

Mbwa mzima asiyewahi kuchanjwa huanza na dozi mbili za chanjo ya mchanganyiko, yenye kinga ya parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua mbwa) ndani yake, zikipishana wiki tatu hadi nne. Kisha unasubiri wiki mbili mwili ujenge kinga. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni sindano nyingine, na dozi ya kwanza huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku 28. Jumlisha mwenyewe: wiki tano hadi sita. Watoto wa mbwa chini ya wiki 16 wasikanyage kituoni kabisa, kwa sababu virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haiviui. Jiki huviua, sehemu moja kwa 30 za maji, sakafu ikishasuguliwa kwanza na dawa ikaachwa dakika kumi. Sasa nionyeshe anayemwagia jiki uwanja wa udongo.

Mnaouliza kama daktari anaweza "kurudisha tarehe nyuma" kwenye cheti: acheni. Mhudumu aking'atwa, ataiamini karatasi yenu na kuchelewa kwenda hospitali kuchomwa sindano. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Kwa Ijumaa hii, tafuta ndugu mtu mzima aje alale kwako.

Mara ya mwisho mbwa wangu aliharisha siku ya pili tu kituoni. Walimlisha uchafu? (Kileleshwa, Nairobi)

Pengine walimlisha chakula kizuri kabisa, ila si chake. Mbwa aliyezoea ugali na dagaa akiwekewa chakula cha punje ghafla, tumbo lazima ligome, na hofu ya mahali pageni huongeza kasi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunga chakula chake mwenyewe, kila mlo katika mfuko wake, na kuongeza milo ya siku tatu kwa ajili ya basi litakaloharibika njiani. Ya pili, kama kituo hakipiki, anza kumbadilishia nyumbani siku saba kabla: robo ya chakula kipya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili, kisha kipya kitupu.

Andika pia kwa kalamu nene: ASIPEWE MIFUPA YA KUKU ILIYOPIKWA. Wahudumu huwapa kwa upendo, na huvunjika vipande vyenye ncha kali. Kuharisha damu au kutapika mfululizo si suala la chakula tena. Hapo ni daktari siku hiyo hiyo.

Naweza kumpa Piriton alale njiani? (Dodoma)

Hapana. Na Panadol usiiguse kabisa kama una paka: kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa ya kutuliza huandikwa na daktari aliyempima mnyama, na hujaribiwa nyumbani kabla ya siku ya safari.

Paka wangu dume, miaka mitano, hajawahi kutoka nyumbani. Nimpeleke kituo kile kile cha mbwa? (Tanga)

Mwache nyumbani. Mbwa hufuata watu wake, paka hufuata mahali pake. Ukimweka karibu na mbwa wanaobweka usiku kucha, atajibanza kona na kugoma kula. Paka aliyegoma siku mbili, hasa mnene, anaweza kujaa mafuta kwenye ini. Tafuta mtu wa kuja mara mbili kwa siku kumlisha, kubadilisha maji na kusafisha mchanga wa choo.

Mpe mtu huyo onyo moja linalookoa maisha: dume akiingia chooni mara kwa mara, akikamua na kulia, mkojo usitoke au utoke matone, njia ya mkojo imeziba. Msongo huchochea tatizo hili. Apelekwe saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi.

Kama hakuna mtu, tafuta kituo chenye chumba cha paka peke yao. Weka kizimba cha kubebea wazi sebuleni wiki mbili kabla, umlishie humo. Mpelekee kitambaa anacholalia bila kukifua, pamoja na boksi la kujificha.

Mlinzi atamlisha, nimemwachia gunia zima. Kuna ubaya? (Tabata)

Upo, kama mbwa atashinda kwenye mnyororo na bakuli la maji lililopinduka. Mbwa wa kilo 20 anahitaji zaidi ya lita moja kwa siku katika joto la Dar. Acha ndoo nzito mbili kivulini, kikombe cha kupimia, namba ya daktari na hela ya matibabu. Gunia peke yake hulisha panya.

Nitajuaje kituo kizuri? (Arusha)

Nenda bila kutoa taarifa, uombe kuona mabanda. Wakikataa, geuza gari. Tazama kama sakafu ina mteremko wa maji, kama kuna milango miwili kabla ya barabara, na kama mbwa wagonjwa hawapiti njia moja na wazima. Kisha mlaze usiku mmoja wa majaribio, wiki kadhaa kabla ya safari.

Amerudi amechoka na anakohoa. Nisubiri? (Mombasa)

Kulala siku mbili ni kawaida. Kikohozi kikavu cha kukwama kooni huambukiza mbwa wengine, kwa hiyo mtenge, umtoe kwa mkanda wa kifuani badala ya shingoni, na umwone daktari akiacha kula au akihema kwa shida. Lakini hesabu pia wiki tatu za kupe: homa wanazoambukiza hujitokeza baada ya wewe kusahau safari. Fizi nyeupe, mkojo mwekundu au joto la mwili kupita 39.5 si uchovu. Na dawa ya matone ya kupe haitakiwi kuwekwa siku ya kumwogesha. Acha saa 48 kabla na baada.