Jibu: mTOR ni nini, na je, mtoto amerithi kifafa kwa mama?

Dada wa Kondoa, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mTOR aliyoitaja daktari kule Dodoma mjini alipokuambia mtoto ana tuberasi sklerosisi (ugonjwa wa hitilafu ya jeni unaootesha vinundu na uvimbe mwilini) ni kitu gani, na kama kweli wewe ndiye uliyemrithisha kifafa, kama wakwe wanavyodai.

mTOR ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine ili kuziwasha au kuzizima. Ndiyo inayoiamuru seli ikue. Ubongo wa mtoto aliye tumboni unaihitaji sana, ila kwa kiasi. Jeni za TSC1 na TSC2 ndizo breki yake. Moja ikiharibika, baadhi ya seli hukua kupita kiasi, hukaa pasipo mahali pake na kuunda vinundu kwenye gamba la ubongo. Mara nyingi kifafa huanzia hapo. Mabaka meupe uliyoyaona ngozini ni dalili ya kawaida ya ugonjwa huohuo. Si fangasi, usiyapake kitu.

Sasa lawama: kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa, hitilafu ya jeni ni mpya kabisa, haikutoka kwa baba wala mama. Waambie wakwe hivyo, tena bila woga!

Dawa ya kuituliza mTOR ipo, everolimusi. Marekani iliiidhinisha kwa kifafa hiki mwaka 2018. Hushusha kinga, hivyo huhitaji uangalizi wa karibu. Dawa anazotumia sasa usizikatize. Mkirudi kliniki, ulizia pia vipimo vya figo na moyo, maana uvimbe huweza kuota huko.