Udzungwa kwa siku moja: acha masikio yatangulie

Wengi wanaoniuliza kuhusu kutazama ndege wameanzia Mikumi au Serengeti, ambako ndege hutua wazi juu ya mgunga nawe umekaa garini. Wakiingia Udzungwa wanavunjika moyo saa ya kwanza tu. Wanasikia ndege pande zote na hawaoni hata mmoja. Kisha wanafanya kile ambacho ningependa wasikifanye: wanaongeza mwendo, wakidhani ndege wako mbele.

Ndege wako hapo hapo ulipo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, na kwa mtazamaji wa ndege kutembea maana yake hasa ni kusimama. Hatua ishirini, simama dakika kumi. Ukifika palipoanguka mti mkubwa na mwanga ukapenya hadi chini, kaa hata nusu saa. Mwendo wako ukikoma, baada ya muda mfupi msitu unakuzoea, na wale walionyamaza kukupisha wanaanza tena shughuli zao.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ukifika Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kumweleza mwongozaji kwamba umefuata ndege. Mwambie waziwazi, na umwambie jana yake kama unaweza. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, na mwongozaji amezoea kupanga mwendo wa kufika kule na kurudi. Sanje ni pazuri sana, ila kupanda kule asubuhi kunakulia zile saa ambazo ndege wanaimba, na karibu na maporomoko kishindo cha maji kinafunika kila sauti. Mimi huanzia pembezoni mwa msitu, au kwenye njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, alfajiri mara tu ninaporuhusiwa kuingia. Pembezoni mwanga unafika mapema, wadudu wanaanza kuruka, na ndege wa juu wanashuka usawa wa macho. Jua likishapanda ndipo naingia ndani.

Kuhusu kusikiliza, usijaribu kukariri sauti zote kabla ya safari. Jifunze chache ambazo lazima utakutana nazo. Hondohondo mmoja, yule mweusi mwenye tumbo jeupe, analia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Mkubwa zaidi, mwenye mashavu ya kijivu kinachometa, utasikia kwanza mabawa yake yakivuma juu ya miti. Ukimwona dume akirudi tena na tena kwenye tundu la mti uleule na tunda mdomoni, tulia na ukae mbali: jike yumo ndani, amejiziba kwa udongo na kuacha ufa mwembamba wa kupokelea chakula. Ukimfukuza dume, wa ndani wanakosa kula.

Shorobo, ndege wa kijani, ana sauti nzito ya kukwaruza, inayorudiwa polepole kutoka juu kabisa. Ukiisikia, acha kutafuta rangi ya kijani, kwa sababu hapo kila kitu ni kijani. Subiri arukie tawi jingine. Mabawa yakifunguka, unamulikwa na wekundu ambao hutausahau. Rangi ile ina madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo ni nadra sana kwa ndege, na nikimwona huwa nafurahi upya kila mara.

Trogoni wa Narina ndiye mtihani wenyewe. Anatoa mlio wa chini, miguno miwili miwili inayopanda taratibu, na unaposogea anakugeuzia mgongo wa kijani huku tumbo lake jekundu likitazama upande wa pili. Hapo usimkimbilie. Pitisha macho tawi kwa tawi, usawa wa kati wa miti, ukitafuta umbo la ndege aliyekaa wima asiyetikisika. Ukikosa, zunguka kwa kufuata njia, bila kukata kichaka.

Wasikilize na kima pia. Mbega wekundu wakipiga kelele za ghafla na kujitupa chini kwenye majani mazito, inua macho haraka: huenda ni tai mwenye kishungi, ambaye huwinda kima. Na hapa Udzungwa masikio yana heshima yake katika historia. Mangabei wa Sanje, aina ya kima, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979, baada ya watafiti waliokuwa msituni kusikia mlio ambao hawakuutarajia. Wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote. Ndiyo maana mwongozaji aliyekulia hapo akikuambia "ngoja, sikiliza", unangoja.

Sasa nije kwenye siafu, kwa sababu ndiyo saa bora ya siku nzima ukibahatika. Ukikuta msafara wao umetawanyika chini kuwinda, wenzako watataka kuruka na kuondoka. Wewe rudi nyuma hatua kadhaa, chomeka suruali ndani ya soksi, tazama miguu yako kila mara, na ubaki. Mbele ya siafu panzi, mende na buibui wanatoka mafichoni, na ndege wanalijua hilo. Utasikia majani makavu yakichakarika, kisha ndege mdogo mwenye mgongo wa hudhurungi na kifua cheupe pe, ambaye wataalamu humwita Alethe, anashuka kutoka kijiti cha chini, ananyakua panzi, anarudi pale pale. Anarudia hivyo mara nyingi mbele yako, karibu kiasi cha kuona mguu wa panzi ukining'inia mdomoni. Ndege huyu siku za kawaida ni kivuli kinachopita tu.

Vivyo hivyo na makundi mchanganyiko. Msitu unaweza kukaa kimya muda mrefu, halafu ghafla miti iliyo juu yako imejaa ndege wa aina mbalimbali wanaokula huku wakisonga pamoja. Chagua mmoja, mtazame mpaka umjue, kisha nenda kwa mwingine. Anayerusha darubini huku na huku kundi linampita bila kumjua hata mmoja.

Darubini yenyewe, chukua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Yenye ukuzaji wa 10 inavutia dukani, lakini chini ya miti mirefu inakupa giza zaidi, eneo dogo zaidi, na mtikisiko. Beba kitambaa laini kikavu, maana unyevu utaziba lenzi.

Msimu nao una siri yake. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na njia zinateleza, kwa hiyo wengi huenda kuanzia Juni. Mimi naipenda Juni hadi Agosti kwa sababu nyingine. Udzungwa ni miongoni mwa mahali pachache Afrika Mashariki ambapo msitu unapanda bila kukatika kutoka karibu mita 250 hadi zaidi ya 2,000, na wakati wa baridi baadhi ya ndege wa mlimani hushuka. Unaweza kumkuta jirani na Mang'ula ndege ambaye miezi mingine ungempandia siku nzima.

Ila usije na tamaa ya kumwona kwale wa Udzungwa katika siku moja. Ndege huyu, aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 1991 na ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia, anaishi misitu ya juu upande wa magharibi, na safari yake ni ya kupiga kambi. Anayekuahidi kumwona kwa siku moja kutoka Mang'ula, mkatalie.

Naomba pia simu ya kupigia sauti za ndege iachwe mfukoni. Dume anayesikia mpinzani wa bandia anaacha kula na kulinda kiota ili apigane na asiyekuwepo. Programu kama Merlin itumie kutambua unachosikia, na hata hapo hakikisha kwa macho.

Adhuhuri ndege wakinyamaza, ndipo nenda kwenye maporomoko, uoge, ule, halafu uandike. Andika saa, mahali na mwinuko, siyo jina tu, kisha orodha yako ipeleke Tanzania Bird Atlas, mradi unaokusanya kumbukumbu za ndege walioonekana nchini. Ndege wa mlimani aliyeonekana bondeni mwezi wa Julai ni taarifa yenye maana pale tu mwinuko umeandikwa.